Barua ya wazi: mtungi wa naitrojeni ukikauka, kilichomo kimekufa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Kwa Waheshimiwa Wabunge mnaopitisha bajeti ya sekta hii. Na kwa Wakurugenzi Watendaji wa halmashauri zenye wafugaji.

YAH: UPATIKANAJI WA NAITROJENI YA UHIMILISHAJI NA HIFADHI YA MBEGU ZA MIFUGO YA ASILI

Waheshimiwa,

Mimi ni mhimilishaji wa ng'ombe: namtia jike mimba kwa mbegu ya dume iliyogandishwa, inayotunzwa ndani ya mtungi wa naitrojeni ya kimiminika. Kazi hii nimeifanya kwa miaka 22, kwanza nikiwa mtumishi wa halmashauri na sasa nikijitegemea, nikizunguka vijijini kwa pikipiki na mtungi mdogo uliofungwa nyuma kwa mipira. Ombi langu kwenu nalitaja mwanzoni ili lisipotee katikati ya maelezo: naitrojeni itengewe fedha yake kila mwaka, ifike kila wilaya yenye wahimilishaji bila kukatika, na sehemu ya ubaridi huo itumike kuhifadhi mbegu na viinitete (mimba changa kabisa) vya mifugo yetu ya asili wakati mifugo hiyo bado ipo. Barua za kawaida nimekwisha kuziandika kwa kufuata ngazi zote, na nimejibiwa kwa heshima, lakini mitungi haijajaa; ndiyo maana naandika hadharani.

Naomba niwapeleke kwenye stoo moja. Katika halmashauri niliyoitumikia miaka ya nyuma, mtungi mkubwa wa mbegu ulikaa kwenye kona, juu ya kipande cha mbao. Kila Jumatatu nilikipima kimiminika kwa kijiti: unakizamisha hadi chini, unahesabu polepole hadi kumi, unakitoa na kukipunga hewani, na barafu nyeupe inajitokeza juu ya kijiti hadi pale kimiminika kilipofikia. Urefu wa barafu hiyo ndio unaokuambia kama kilichomo kiko salama. Nikawa naandika daftarini: sentimita 18, sentimita 15, sentimita 11, sentimita 8. Gari la kufuata naitrojeni lilikosa mafuta, likapata mafuta likakosa kibali, likapata kibali dereva akawa safarini. Jumatatu moja kijiti kilitoka kikavu kama kilivyoingia.

Mirija myembamba inayobeba mbegu ndani ya mtungi ilikuwa mizuri kwa macho. Rangi zake zilikuwa zilezile, jina na namba ya dume vilisomeka vizuri, haikunuka wala haikuvuja. Nyama ikiharibika hutoa harufu na maziwa yakiharibika huganda, lakini mbegu iliyokufa ndani ya mrija haimwambii mtu chochote. Niliyeyusha mrija mmoja na kuutazama kwa hadubini ya kuazima, na hapakuwa na kitu kilichosogea. Siku chache baadaye naitrojeni ikaletwa, mtungi ukajazwa, nami nikaagizwa niendelee na mirija ileile kwa kuwa ilikuwa imekwisha kulipiwa na ipo kwenye hesabu za stoo. Nilisema kwa mdomo kwamba haifai, kisha nikatii. Hilo nalijutia mpaka leo.

Mmoja wa waliohudumiwa kwa mirija ile alikuwa mama mjane mwenye mtamba mmoja. Ng'ombe asiposhika mimba hurudi kwenye joto, yaani hutaka dume tena, baada ya siku 21 hivi, na mtamba yule alirudi mara tatu. Kila mara yule mama alituma mtoto kunifuata, alilipa, akachota maji na kuniletea sabuni ya kunawia, kisha akauliza kwa upole kama kuna kitu anachokosea katika kumlisha mnyama wake. Hakuna alichokosea. Miezi miwili ya maziwa ilipotea katika nyumba ile, na kijijini yakaanza maneno kwamba mrija haushiki na kwamba serikali inawauzia watu maji. Nilihitaji miaka kadhaa kuirudisha imani ile, na kuna nyumba ambazo hadi leo hazijaniita tena.

Naeleza kidogo kwa nini jambo hili halina njia ya mkato. Seli hai kwa sehemu kubwa ni maji, na maji yakiganda hufanya fuwele zenye ncha zinazotoboa utando wa seli. Ukiipoza seli haraka mno, barafu hufanyika ndani yake; ukiipoza polepole mno, maji hutoka, chumvi hukolea, na seli hufa kwa ukali wa chumvi hiyo. Kwa miaka mingi watafiti walikwama hapo, hadi mwaka 1949 Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes walipotangaza huko London kwamba mbegu za jogoo zilizochanganywa na gliserini hustahimili kugandishwa na kuamka tena. Ugunduzi huo ulitokana na chupa iliyowekewa lebo isiyo yake: walidhani wametumia sukari ya matunda, na walipopima kilichokuwamo wakakuta gliserini. Miaka michache baadaye walizaliwa ndama wa kwanza wa mbegu iliyogandishwa, na leo kazi yote ya uhimilishaji, kuanzia Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji pale Usa River mkoani Arusha hadi kwangu kwenye pikipiki, inasimama juu ya ugunduzi huo.

Kimiminika cha naitrojeni kina baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo hakuna kinachooza, hakuna kinachokua, na muda ni kama umesimama. Huko Sydney, Australia, watafiti waliyeyusha mbegu za kondoo dume wa Merino zilizogandishwa mwaka 1968, wakiwa wamezihifadhi kwa miaka 50. Kati ya kondoo jike 56 waliohimilishwa, 34 walishika mimba. Mbegu iliyolindwa vizuri inaweza kuwangoja wajukuu wa aliyeihifadhi. Hata hivyo, ulinzi huo hauna likizo. Joto likipanda hata kufikia nyuzi 100 tu chini ya sifuri, baridi ambayo mwanadamu wa kawaida hawezi kuifikiria, vipande vidogo vya barafu ndani ya mrija huanza kuungana na kukua, na uharibifu huanza. Ndiyo maana tunafundishwa kutouinua mrija juu ya shingo ya mtungi zaidi ya sekunde chache, na tukishautoa tunauyeyusha mara moja katika maji ya uvuguvugu wa nyuzi 35 hadi 37 kwa muda wa sekunde 30 hadi 40. Mtungi wenyewe hauna umeme wala mashine. Ni chupa ya chai kubwa iliyotengenezwa kwa ustadi, na kimiminika chake hupungua kila siku hata kifuniko kisipofunguliwa. Usipoongeza, kitakwisha.

Waheshimiwa, naitrojeni haichimbwi wala haiagizwi kwa meli. Asilimia 78 ya hewa tunayoivuta ni naitrojeni, na mtambo huichukua hewa hiyohiyo, ukaipoza hadi ikawa kimiminika. Gharama iko kwenye umeme, vipuri, fundi anayeujua mtambo, na gari la kusambaza. Mambo hayo manne ndiyo yanayokosa mwenyewe katika bajeti zetu. Inanunuliwa mitungi, yananunuliwa madume, vijana wanapelekwa mafunzoni, na kampeni ya uhimilishaji inafunguliwa kwa ngoma na hotuba. Kisha kampeni inafungwa, na miezi mitatu baadaye mhimilishaji aliyefunzwa vizuri anabaki na mtungi mtupu anaoufanyia kiti. Sina ugomvi na kampeni. Nimeshiriki kadhaa, na ndama wake wapo, wanakamuliwa. Lakini ng'ombe haingii kwenye joto kwa kufuata ratiba ya mgeni rasmi, na mfugaji aliyeambiwa leo kwamba huduma ipo, akija mwezi ujao akaikosa, atarudi kwa dume la jirani pamoja na magonjwa yake, ukiwamo ule wa kutupa mimba ambao humfikia hadi mtu anayekunywa maziwa mabichi.

Wako watakaosema kwamba naitrojeni ni shida ya wenye ng'ombe wa maziwa peke yao. Si kweli. Chanjo ya ndigana kali, ugonjwa wa kupe unaomaliza ndama wa wafugaji wa asili, nayo huishi ndani ya mtungi huohuo. Chanjo hiyo iliyotokana na utafiti wa Muguga nchini Kenya ni vijidudu hai vya ugonjwa wenyewe, vilivyotolewa kwenye kupe na kugandishwa. Ndama huchomwa vijidudu hivyo pamoja na oksitetrasaikilini inayokaa mwilini muda mrefu, akaumwa kidogo, akapona, akabaki na kinga kwa miaka mingi. Wafugaji wa Kimaasai kaskazini mwa nchi wameipokea kwa mikono miwili na wanailipia kwa fedha zao. Mrija mmoja hutosha makumi ya ndama, ukishayeyushwa hutumika ndani ya saa chache, na haugandishwi tena. Nimeona wafugaji wakikusanya ndama tangu alfajiri, vumbi limepanda, hereni za alama za chanjo ziko tayari, halafu mchanjaji anafungua mtungi na hakuna hata mvuke mweupe unaotoka. Waliswaga ndama wao kurudi bila kusema neno. Wiki mbili zilizofuata ndama walikufa katika maboma mawili ninayoyafahamu.

Sasa naomba mnisikilize katika jambo ambalo haliungurumi, na kwa hiyo huahirishwa kila mwaka.

Tunayo mifugo ambayo haipo kwingine. Ng'ombe wa Mpwapwa alitengenezwa na watafiti wetu mkoani Dodoma kwa miongo kadhaa, kwa kuchanganya zebu wa hapa, ng'ombe wa nundu, na damu ya Sahiwal na Red Sindhi kutoka Bara Hindi pamoja na nyingine kidogo, ili apatikane mnyama wa maziwa na nyama anayeweza kuishi kwenye ukame wa katikati ya nchi. Leo ukitafuta kundi safi la Mpwapwa nje ya mashamba ya utafiti utatembea sana. Kondoo mwekundu wa Kimaasai naye ana kitu ambacho dawa zetu zinashindwa kukifanya: anastahimili minyoo ya tumbo inayonyonya damu. Majaribio ya miaka ya 1990 katika mwambao wa Kenya, mahali penye unyevu na minyoo tele, yalionyesha kwamba wana-kondoo wake walikufa wachache kuliko wale wa Dorper, kondoo wa kigeni, waliolelewa nao. Lakini Dorper ana mwili mkubwa na mnadani anapendeza macho, kwa hiyo kila boma likataka dume la Dorper, na mchanganyiko ukaenea hadi mwekundu halisi amekuwa wa kutafutwa. Simlaumu mfugaji, maana anauza kile soko linachokilipia. Kuutunza urithi ambao soko bado halijaujua ni wajibu wa mamlaka ya umma, na kwa nchi yetu mamlaka hiyo ni ninyi.

Historia yetu inajua jinsi mifugo inavyoweza kuondoka kwa mara moja. Sotoka ilipoingia katika miaka ya 1890 iliwaangusha ng'ombe kuanzia Pembe ya Afrika hadi kusini mwa bara, na Wamaasai wanaikumbuka miaka ile ya maangamizi kwa jina la Emutai. Hakuna awezaye kusema ni koo zipi za ng'ombe zilizokwisha wakati ule, kwa sababu halikuachwa hata tone la mbegu zake. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, lakini magonjwa mengine yapo, na ukame nao umekuwa ukirudi kwa karibu zaidi.

Kugandisha kuna masharti yake, na ni vyema mkayajua kabla hamjaletewa mpango wa karatasi. Mbegu ya dume ni nusu tu ya urithi. Ikiwa ng'ombe wa Mpwapwa atatoweka na tukabaki na mbegu zake peke yake, itabidi tuhimilishe ng'ombe wa aina nyingine, kisha binti, kisha mjukuu, na kuendelea. Uzao wa kwanza utakuwa na nusu ya damu, wa pili asilimia 75, na tutafika takriban asilimia 97 katika uzao wa tano, ambao kwa ng'ombe wetu wanaochelewa kuzaa ni kazi ya miaka 20 hivi. Viinitete vikihifadhiwa pamoja na mbegu, ndama halisi anazaliwa ndani ya mimba moja. Kwa hiyo naomba vihifadhiwe vyote viwili, ingawa viinitete ni ghali zaidi. Kondoo ana ugumu wake: shingo ya kizazi chake imepindapinda, na mbegu iliyogandishwa hushika vizuri ikifikishwa ndani ya kizazi kwa tundu dogo la upasuaji, kazi inayotaka daktari wa mifugo na vifaa. Kuku ni mgumu zaidi, kwa sababu yai lenye kiini kikubwa halikubali kugandishwa. Watafiti wanaoshirikiana kati ya Nairobi na Edinburgh wanachukua seli za uzazi kutoka kwenye kiinitete cha kuku na kuzigandisha hizo badala ya yai. Tukiwapenda kuchi, kuku wetu wa asili, tuwapeleke vijana wetu wakajifunze kazi hiyo sasa.

Mfano wa kuchelewa uko jirani. Huko kwenye hifadhi ya wanyama ya Ol Pejeta nchini Kenya, Sudan, faru mweupe wa kaskazini aliyekuwa dume wa mwisho, alikufa tarehe 19 Machi 2018. Waliobaki ni majike wawili, Najin na binti yake Fatu, na hakuna hata mmoja anayeweza kubeba mimba. Kama bado kuna tumaini lolote, ni kwa sababu mbegu za madume kadhaa waliokwisha kufa ziligandishwa mapema. Mayai ya Fatu yamerutubishwa kwa mbegu hizo, na viinitete vimehifadhiwa katika sehemu mbili, Berlin na Cremona, ili ajali ya chumba kimoja isimalize kila kitu. Mambo mawili nayachukua pale. Kwanza, tusihifadhi mahali pamoja: tukiwa na akiba Usa River, iwepo nyingine kama hiyo katika kituo cha kanda kilicho mbali, yenye mtambo wake na mlinzi wake. Pili, tukusanye kundi likiwa bado kubwa, kutoka kwa makumi ya madume wasio ndugu, kwa maana akiba iliyotoka kwa madume watatu wa boma moja ni ukoo mmoja tu uliogandishwa.

Tena akiba hiyo ichukuliwe kwa ridhaa. Mfugaji wa Simanjiro au wa Mpwapwa anayetoa dume lake lichukuliwe mbegu aandikiwe, apewe nakala, ajue zinakaa wapi na nani ataruhusiwa kuzitumia, na kundi lake likiangamia kwa ukame awe wa kwanza kurudishiwa. Nimezungumza na wazee wawili juu ya jambo hili, na wote waliniuliza swali lilelile: "Mkishazichukua, tutazionaje?" Wanastahili jibu la maandishi.

Mpango wa dunia wa kuhifadhi rasilimali za vinasaba vya wanyama ulipitishwa Interlaken, Uswisi, mwezi Septemba 2007, na ndani yake hifadhi ya kugandisha imetajwa bayana, kwa hiyo siwaombi kitu kigeni. Ninachoomba kiingie katika bajeti ijayo ni kifungu kinachojitegemea cha naitrojeni, kisichoweza kuhamishiwa semina wala ukarabati wa ofisi, chenye fedha ya umeme, vipuri, mafundi na gari. Kila mtungi wa umma uwe na daftari la vipimo linalokaguliwa kama linavyokaguliwa daftari la dawa za hospitali, na mtungi ukikauka taarifa itolewe siku hiyohiyo, mirija yote iteketezwe kwa kumbukumbu ya maandishi, na asiwepo mtumishi wa kuadhibiwa kwa kusema ukweli kwamba mbegu zimekufa. Hofu ya hasara ya vitabuni ndiyo iliyofanya mirija mfu iingizwe kwenye ng'ombe wa yule mama. Wasafirishaji nao wafunzwe, kwa kuwa lita moja ya kimiminika hiki hugeuka takriban lita 700 za hewa isiyofaa kuvutwa, na katika gari lililofungwa vioo mtu hupoteza fahamu kabla hajajua kinachomtokea.

Bajeti ya mwaka ujao bado haijasomwa. Mheshimiwa Waziri, kabla hujaitia saini, nakuomba utembelee stoo ya mtungi ya wilaya yoyote utakayoichagua mwenyewe, bila kutangaza safari, na uombe kijiti. Kizamishe hadi chini, hesabu hadi kumi, kipunge hewani, na usome mwenyewe barafu imefika wapi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mhimilishaji wa ng'ombe, Kanda ya Kaskazini